Laini Mbili za Mzee Margwe

Ninyi vijana mnaokuja kwangu hapa Katesh na ruta mpya ndani ya boksi, nawajua. Mnaanza na shikamoo nzuri kabisa, na kabla sijamaliza marahaba swali limeshatoka: "Mzee Athumani, nikiunganisha intaneti ya waya na ya bando, si spidi zinajumlishwa?" Hazijumlishwi. Nimelijibu swali hilo mpaka siku hizi mke wangu analijibu yeye akiwa jikoni. Anapaza sauti tu, "Mwambie lori halijigawi!" kisha anaendelea kuchambua mboga.

Basi nimeamua kuandika, msome wenyewe. Nitawaeleza habari ya lori, halafu nitawaeleza kosa moja nililofanya Mbulu. Hilo la pili ndilo hasa lililonifanya nitafute kalamu, maana linaniuma mpaka leo.

Lori kwanza. Intaneti ya waya huku kwetu, kwa wachache walio nayo, inapita kwenye waya wa zamani wa simu ya mezani. Inatambaa, lakini haiyumbi. Ya bando ina mbio asubuhi, na wanafunzi wakishatoka shule inalegea. Mtu akaona: nina mbili mbovu, nizifunge pamoja nipate moja nzima. Ndiyo maana ananunua ruta yenye matundu mawili, moja la waya, moja la modemu ya bando. Ruta hiyo kazi yake ni ya askari wa barabarani. Ukiwa na magari kumi na barabara mbili, atayagawa, haya yapite juu, yale yapite chini, na wote mtafika mapema. Lakini lori moja haliwezi kupitisha tairi za kushoto barabara ya juu na za kulia barabara ya chini. Simu moja ya video ni lori moja. Litapita njia moja tu, na spidi yake ni ya njia hiyo. Zipo mashine za kulipasua lori vipande na kuliunga upya upande wa pili, lakini huko upande wa pili lazima uwe na mtu wa kuliunga, na ninyi hamna. Nadhani tumeelewana.

Msidhani nilizaliwa nalijua hili. Bi Hadija, mwenye steshenari karibu na stendi, ndiye mteja wangu wa kwanza wa laini mbili baada ya kustaafu. Vijana walijaa dukani kwake kujaza maombi ya vyuo. Nikamfungia ruta, nikaiambia igawe sawasawa, moja huku moja kule, nikaondoka kifua mbele. Kesho yake ananipigia. "Athumani, njoo utoe ulichokiweka. Kuna mtoto hapa ameandika jina la baba yake mara saba, kila akibonyeza endelea anatolewa nje. Sasa ameanza kumchukia baba yake."

Nikaenda, nikakaa, nikaangalia. Ukurasa wa kwanza wa fomu ulipita kwenye waya, wa pili ukapita kwenye bando. Kule kwenye tovuti wakaona mtu huyuhuyu anaingia kutoka nyumba mbili kwa wakati mmoja, wakamshuku kuwa ni mwizi, wakamtoa. Dawa yake ni ndogo tu: unaiambia ruta kwamba mtu akianzia waya abaki kwenye waya mpaka amalize shughuli yake. Bi Hadija aliponiona nacheka peke yangu akaniuliza, "Umepata au umechanganyikiwa?" Nikamwambia vyote viwili.

Na lingine la Endasak, maana ninyi hupenda kusikia wakubwa wakiumbuka. Kuna mwalimu, kaletwa na kazi kutoka mkoa wa mbali, aliniita nimwekee antena ya bando juu ya bati. Nikapanda, nikaona Mlima Hanang umesimama pale mbele mkubwa, mzuri, nikaielekeza antena mlimani. Sijui nilifikiri nini. Mlima hautumi mtandao! Mnara ulikuwa nyuma yangu, upande wa Mogitu. Mwalimu akakaa wiki nzima anavumilia kwa sababu ya heshima. Niliporudi nikakuta na yeye ana la kwake: modemu kaifungia ndani ya kabati la vyombo, kaifunika kitambaa cha kufuma, ufunguo kauweka mfukoni. Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa na haki ya kumcheka mwenzake, tukacheka wote.

Lakini hayo ni ya juzi tu. Mimi niliajiriwa kupanda nguzo.

Nilikuja Mbulu kutoka Kondoa nikiwa kijana mwembamba, na nilikabidhiwa kwa Mzee Margwe, Mwiraqw wa Tumati, msimamizi wa laini zote za simu za upande ule. Siku ya kwanza aliniuliza jina, nikamtajia, akaniuliza natoka wapi, nikamtajia. Akachagua la pili. Tangu hapo mpaka anaingia kaburini aliniita Kondoa. Hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa na mkanda wa ngozi wa kupandia nguzo na simu ya majaribio yenye vibanio viwili, na akifika chini ya nguzo aliegemeza kwanza sikio lake kwenye mti, akasikiliza waya unavyovuma, halafu ndipo aamue kama kuna haja ya kupanda. Mimi nilisikiliza vilevile, sikusikia chochote zaidi ya baridi.

Mwaka wangu wa kwanza tulikwenda Dongobesh kutengeneza simu ya zahanati. Mzee alibaki chini, mimi nikapanda. Nikabana vibanio, nikasikia mlio mzuri wa laini, tuuu, nikashuka mbio nikamwambia mganga, "Simu yako nzima." Mganga akaingia ndani, akanyanyua, kimya. Waya ulikuwa umekatika kati ya nguzo ile na zahanati, na ule mlio nilioufurahia ulitoka upande wa Mbulu.

Mzee Margwe akaniuliza, "Kondoa, umemsikia?"

"Nimesikia mlio, mzee."

"Sijauliza mlio. Nimeuliza mtu. Umemsikia mtu wa upande wa pili?"

 Akanituma nitembee chini ya waya nimeinua shingo mpaka nipate ulipokatika. Niliupata nyuma ya zizi la mtu, na shingo iliniuma siku mbili. Kuanzia siku ile, nikiwa juu ya nguzo yoyote, nilimpigia mteja nyumbani kwake, nikamsalimia, nikaulizia watoto na ng'ombe, nikasikia sauti yake kwa sikio langu. Ndipo Mzee aliuliza kutoka chini, "Kondoa, umemsikia?" Nami najibu, "Nimemsikia, mzee." Bila maneno hayo mawili hakuna kushuka. Tulifanya hivyo miaka na miaka, Mbulu, Haydom, Tumati, mpaka likawa kama salamu yetu.

Nawaambia ukweli, nakumbuka miaka ile mpaka naumia. Nakumbuka ukungu wa asubuhi Mbulu, tunatoka na ngazi begani hatuoni nguzo mpaka tuiguse kwa mkono. Nakumbuka chai ya maziwa ya mke wake, Mama Paskalina, aliyetumiminia kwenye vikombe vya bati vya moto hata hukuweza kuvishika. Nakumbuka Paskalina mwenyewe, mtoto wao wa mwisho, akiwa mdogo ananishikia koleo na kuniuliza kwa nini siongei Kiiraqw. Nilijua "saita" ya kusalimia na majina ya vyakula, basi. Zile sauti zao za kooni zilinishinda, nikaona haya kujaribu. Mzee hakunilazimisha. Ningelijua litakalokuja, ningejifunza mapema.

Zama zikageuka. Simu za mkononi zikaja, watu wakarudisha simu za mezani, waya mwingine ukaanguka ukaachwa palepale. Sisi tukapelekwa kozi, tukaambiwa waya uleule utabeba intaneti. Mzee Margwe alistaafu kabla ya hayo. Alijenga pembeni mwa mji wa Mbulu, ng'ambo ya kijito, na waya wa kwenda kwake aliuvuta mwenyewe, nguzo baada ya nguzo. Majirani wote walipokatiwa simu zao, yeye alikataa waya wake uguswe. Watoto wake wakamwekea intaneti kwenye waya huohuo. Ilitambaa, lakini alijivuna nayo kama ng'ombe wa maziwa.

Mimi nilipostaafu nilihamia hapa Katesh, kwa kuwa ndiko kwao mke wangu. Siku moja Mama Paskalina akanipigia. "Athumani, mzee wako anaumwa koo. Njoo, ana kazi yako."

Nilimkuta amekonda, anaongea kwa sauti ya mkwaruzo. Daktari alikuwa amewaambia wazi kwamba sauti itatangulia, mwenyewe atafuata. Na kazi yenyewe ilikuwa hii. Paskalina alikuwa masomoni Uturuki. Alipoondoka, viza ilitoka kwa kuchelewa, akakimbilia ndege kesho yake, baba yake akiwa shambani Tumati. Kwao mtu wa safari ndefu hukalishwa, wazee wakaketi, baba akamwombea baraka. Wanayaita slufay maombi hayo. Msemaji anasema kwa mafungu, na kila fungu likiisha, wote waliokaa wanaitikia kwa sauti moja, na anayeombewa naye anaitikia. Paskalina hakuombewa. Miaka yote hiyo lilikuwa limemkaa mzee wangu kifuani.

"Mtoto wangu alitoka hapa mikono mitupu," aliniambia. "Nataka nimwone macho, aone mdomo wangu, aitikie. Kabla koo halijafunga. Nifanyie, Kondoa."

Mtaniuliza mbona hawakurekodi kwenye simu wakamtumia. Mimi mwenyewe nilimshauri hivyo. Akanitazama nikajuta. "Maneno haya anaambiwa mtu anayeitikia," akasema. "Simu yako inaitikia?" Akaamuru siku hiyo simu zote za wageni ziwekwe kwenye kapu jikoni. Hakuna kurekodi.

Basi nikafanya. Nilikuja na ruta ya matundu mawili na modemu ya bando. Nikapanga simu ya video ipite kwenye waya, kwa sababu waya hauyumbi, na mengine yote ya nyumba yapite kwenye bando. Waya ukikata, ruta iihamishe simu kwenye bando. Sauti itakatika muda wa kupiga chafya mara mbili tatu, halafu itarudi. Mpango mzuri. Hata leo mteja akija nitampangia hivyohivyo.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo. Ruta inajuaje kwamba laini imekufa? Inauliza. Kila baada ya muda mfupi inatuma swali dogo, "Upo?" na ikijibiwa inawasha taa ya kijani. Wewe fundi ndiye unayeichagulia imuulize nani. Unaweza kuiambia imuulize mtu wa mbali, kompyuta iliyoko ng'ambo ya nguzo na milima yote. Au unaweza kuiambia iulize modemu ya waya, ile inayopokea waya wa ukutani, iliyo palepale mezani, pembeni yake.

Chai ilikuwa imeshamiminwa. Mama Paskalina alikuwa ananiita mara ya pili. Nikachagua modemu, kwa kuwa inajibu haraka na taa inawaka upesi. Nikajaribu: nikachomoa waya kati ya modemu na ruta, ruta ikahamia bando, safi. Nikarudisha, ikarudi, safi. Nikanywa chai. Nilitakiwa nichomoe waya wa ukutani, ule unaotoka nje. Wala sikuukumbuka. Mimi, niliyetembezwa Dongobesh shingo juu!

Kesho yake saa nne asubuhi wazee wakaketi ukumbini, kulikuwa na upepo wa nguvu nje. Mzee Margwe alivaa koti lake la kazini la zamani. Paskalina akatokea kwenye kompyuta, amejifunga kanga kichwani huko baridini kwake, akasema shikamoo kwa kila mzee kwa jina. Mzee wangu akaanza. Ile sauti ya mkwaruzo, sijui ilipata nguvu wapi. Anasema fungu, wazee wanaitikia, na baada ya kitambo sauti ya Paskalina inafika peke yake, imechelewa. Mara ya kwanza watu wakashtuka. Mzee mmoja akasema kwa Kiswahili, nafikiri kwa ajili yangu, "Mwacheni. Yuko mbali, sauti lazima itembee." Basi ikawa kila fungu wote wanamsubiri, akifika yeye ndipo linaanza lingine. Sikuwa naelewa neno, lakini machozi yalinitoka.

Halafu ikafika zamu moja wakaitikia wazee, tukasubiri, na Paskalina hakufika. Picha ilikuwa imeganda, mdomo nusu wazi, macho yanatazama chini. Nikaitazama ruta. Kijani. Nikajisemea laini ipo, itarudi sasa hivi. Mzee alikuwa amefumba macho. Alisubiri kidogo, labda akadhani amemsikia, labda hakuwa na pumzi ya kusubiri zaidi, akaendelea. Nilijua nikimkatisha hataweza kuanza tena. Na taa ilikuwa kijani. Nikakaa kimya, akaenda mpaka mwisho, anamwombea mtoto ambaye hayupo.

Alipomaliza alifumbua macho, akanitazama mimi, hakuitazama kompyuta.

"Kondoa," akasema, "umemsikia?"

Nikasema, "Nimemsikia, mzee."

 Kisha akasema, "Basi," akaegemea kiti chake.

Jamani, sijui alijua au hakujua. Mtu aliyesikia hitilafu ya waya kwa kuegemea nguzo, nina sababu gani ya kudhani hakujua? Mama Paskalina alijua. Alikuwa ameiona ile picha iliyoganda. Alinipita na kikombe bila kunitazama.

Nikatoka nje, nikatembea chini ya waya. Nguzo ya tatu kutoka nyumbani, pale kijitoni, tawi la mkaratusi lilikuwa limeangushwa na upepo, limelala juu ya waya uliokatika. Na ndani ya nyumba ruta ilikuwa bado inaiuliza modemu, "Upo?" na modemu inajibu, "Nipo," na ni kweli ilikuwepo, pale mezani. Nikarudi nikaihamishia simu kwenye bando kwa mkono. Paskalina akatokea hapohapo, analia. "Baba mdogo, baba amefika wapi? Mimi niliishia pale anapoomba mvua." Mzee alikuwa amesinzia. Nikamwambia kesho atamalizia.

Kesho yake sauti haikutoka. Siku tano baadaye tukamzika Tumati, na Paskalina hakuweza kufika.

Baada ya mazishi nilimfuata Mama Paskalina kumwomba radhi. Alikuwa anapepeta maharage. Aliniacha niseme yote, taa, modemu, tawi, halafu akauliza jambo moja tu. "Nani alimwambia mzee kwamba amemsikia?"

"Mimi, mama."

"Basi maneno yaliyobaki ni mzigo wako. Nitakupa mimi, nilikaa pale niliitikia yote. Binti akirudi utampelekea kwa mdomo wako."

Nikamwambia mama, mimi Kiiraqw sijui, na mimi si mzee wa kuombea watu, tena Mrangi wa Kondoa. Akanipeleka kwa wazee wawili wa mtaa, akawauliza. Wakazungumza, wakanicheka kidogo, mmoja akanijibu: "Hatukuambii uombe. Yeye alishaomba. Wewe siku hiyo ni waya tu."

Basi nikawa waya. Kila Jumamosi nilipanda basi kutoka Katesh, natelemka Mbulu, nakaa na Mama Paskalina na ungo wake. Ananipa fungu moja, nalirudia. Lile koo! Alinicheka mpaka akaangusha maharage. "Hapo umemwombea mwanangu mbuzi badala ya maziwa." Nilikuwa narudia ndani ya basi, abiria wanasogea mbali nami wakidhani nimerukwa na akili. Miezi ikapita hivyo. Na nakiri, zile Jumamosi nilizipenda. Nilijifunza maneno ambayo mzee wangu aliyasema mbele yangu miaka yote nami nikayaacha yapite: neno la mvua inayoanza mbali, neno la maziwa yaliyojaa kibuyu, neno la mtu anayerudi nyumbani. Nikatamani awepo walau nusu saa, nimsalimie kwa lugha yake kutoka juu ya nguzo.

Katika miezi hiyo niliirekebisha ile ruta pia. Niliiambia iulize mbali, tena iulize sehemu mbili za mbali, na ikinyimwa jibu na zote mbili ndipo iamini laini imekufa. Nikachomoa waya wa ukutani kwa mkono wangu nikaona inahama. Wateja wangu wote niliwarudia mmoja mmoja, Bi Hadija, mwalimu wa Endasak, wote, nikawabadilishia. Bi Hadija akaniuliza kulikoni, mbona inafanya kazi vizuri tu. Nikamwambia hata ile ya Mbulu ilikuwa inafanya kazi vizuri tu. Ninyi nanyi mkitoka hapa mkafanye hivyohivyo, na msiondoke kwa mteja kwa kuiamini taa tu.

Paskalina alirudi msimu wa maharage. Alinikumbatia, akasema, "Shikamoo, baba mdogo," nikaitikia marahaba. Wazee waliketi ukumbini palepale. Kiti cha Mzee Margwe kiliachwa wazi, koti lake la kazini tu limewekwa juu yake. Nikasimama pembeni ya kiti.

Nikaanzia kwenye mvua, pale ilipokatika. Fungu la kwanza nilikosea, nikalirudia. Wazee wakaitikia, na Paskalina akaitikia pamoja nao, wakati uleule, hakuna kuchelewa. La pili. La tatu, lile la maziwa, nikamwona Mama Paskalina anauma kanga asicheke, nikajua nimepatia au nimeomba mbuzi tena. Nikaendelea. La mwisho ni lile la mtu anayerudi nyumbani. Nilipolimaliza wazee waliitikia, na Paskalina alikuwa analia hawezi. Wakamsubiri. Mimi pia nikasubiri. Sikuwa na taa yoyote ya kutazama.

Halafu akaitikia, peke yake, kwa sauti ya juu, ukumbi mzima ukaisikia.

Nikageuka upande wa kiti. Juu yake alikuwa amelala paka wa nyumba, amejikunja kwenye lile koti la kazini.

"Nimemsikia, mzee," nikasema.